Damu Inayopotea Bila Jeraha

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya damu ya watoto. Mzazi akimwona mtoto amejikata kwa panga shambani, hangoji. Hulifunga jeraha, humbeba mtoto, hukimbia naye. Lakini iko damu nyingine ipoteayo pasipo jeraha, wala tone moja halianguki chini, na mzazi yu karibu naye asijue. Damu hiyo huharibiwa ndani ya mishipa yenyewe, na kazi hiyo hufanywa na vimelea vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Jambo hili huwapata hata watoto wanene, wachangamfu, wasiokuwa na ugonjwa mwingine wo wote. Ndiyo sababu twaliandika.

Tutaanza kwa mfano. Katika mfano huu hatumtaji mtu ye yote. Ni nyumba ambayo ingaliweza kuwa yenu au yetu.

Tuseme yupo mtoto wa miaka minne huko Nyakatuntu, katika wilaya ya Kyerwa, mahali ambapo migomba na mibuni hufuatana tangu mlangoni mwa nyumba hata mtelemko wa bonde. Ni mtoto mwenye afya. Alinyonya vema, amechanjwa, hula ndizi na maharage mpaka sahani ikawa tupu. Siku ya Alhamisi alicheza na wenziwe mpira wa majani makavu ya mgomba. Usiku ule akapatwa na homa. Ijumaa mama yake akampa vidonge viwili vya dawa ya mseto vilivyosalia kwa kaka yake alipougua mwezi uliopita, homa ikapungua. Jumamosi akanywa uji kidogo, akalala mchana kutwa. Jumapili asubuhi, watu wakijitayarisha kwenda kanisani, mtoto akaenda haja ndogo nyuma ya nyumba, na mama yake akaona maji mekundu yaliyoiva hata kuwa meusi juu ya jani la mgomba, kama kahawa iliyomwagika.

“Mama,” akamwita mama wa mume wake, “njoo utazame. Mkojo wa mtoto umekuwa mweusi.”

Bibi akaja, akatazama, akasema, “Mwanangu, watoto hawa hula matunda ya porini. Mpe maji mengi, na kesho utakuwa safi.”

“Lakini viganja vyake, mama. Tazama viganja vyake.”

Bibi akaushika mkono wa mjukuu wake, akaugeuza, akaulinganisha na kiganja chake mwenyewe. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Mwite baba yake. Na atafute pikipiki sasa hivi.”

Hapa twawaacha kwa kitambo, wakiwa njiani, ili tueleze mambo yaliyotokea katika mwili wa mtoto huyu.

Kazi ya damu na adui yake

Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembe nyingi mno zilizomo ndani yake, na katika kila chembe nyekundu mna kitu kiitwacho himoglobini, chenye madini ya chuma. Kazi ya himoglobini ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali: kwenye ubongo, kwenye moyo, kwenye misuli ya miguu. Waganga huipima himoglobini kwa gramu katika sehemu moja ya kumi ya lita ya damu. Mtoto wa miaka miwili hata minne huhesabiwa kuwa na damu ya kutosha akiwa na gramu 11 au zaidi. Akishuka chini ya 5, yumo katika hatari ya kufa.

Tena yafaa tukumbuke jinsi damu ya mtoto ilivyo kidogo. Kila kilo moja ya mwili wake huwa na mililita 80 hivi za damu. Basi mtoto mwenye kilo 10 ana damu mililita 800 tu, yaani haitoshi kujaza chupa moja ya lita. Mtu mzima aweza kupoteza kiasi fulani, akaendelea na kazi yake. Mtoto hana akiba kubwa ya namna hiyo.

Adui mkubwa wa damu katika nchi zetu ni kimelea cha malaria. Daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, alikiona kwa mara ya kwanza katika damu ya mgonjwa mwaka 1880, huko Algeria. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alikiona ndani ya mbu, na hivyo njia yake ikaanza kujulikana. Mbu jike aitwaye anofelesi anapomwuma mtoto usiku, humtia vimelea vichache. Hivyo hukimbilia kwanza katika ini, hukaa huko siku kadhaa na kuongezeka. Kisha hutoka na kuingia katika chembe nyekundu za damu, kila kimoja katika chembe yake. Humo hula himoglobini, hukua, hujigawanya, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka, na watoto wa kimelea hutoka kutafuta chembe nyingine. Zinapopasuka kwa wingi pamoja, ndipo mgonjwa atetemekapo na kuwaka homa.

Kama ndivyo tu, damu ingepungua kwa kadiri ya chembe zilizoingiwa na vimelea. Lakini mambo huzidi hapo. Mwili wenyewe, katika kupigana na adui, huharibu pia chembe nyingi ambazo hazikuingiwa na kitu. Bandama, ambayo kazi yake ni kuchuja damu, huvimba na kuzishika chembe nzima pamoja na mbovu. Na uboho ulio katika mifupa, ambao ndio kiwanda cha damu mpya, hulegea na kuacha kutengeneza ya kutosha. Hivyo ni kama nyumba ambayo ghala yake yaibiwa usiku, mwenyewe achoma mlango ili kumfukuza mwizi, na shambani nako wavunaji wameacha kazi. Hapo hatuwezi kushangaa damu ikishuka kwa siku chache tu.

Tena chembe nyingine ndogo, ziitwazo chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha damu mtu akiumia, hupungua mara nyingi katika malaria. Kwa watoto walio wengi hurudi zenyewe baada ya matibabu. Kwa wachache damu hutoka puani au katika ufizi, na hiyo ni dalili ya kumpeleka mtoto hospitali mara moja.

Mkojo mweusi

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe lililompata mtoto wa mfano wetu. Kwa watoto wachache, chembe nyekundu hupasuka nyingi kwa wakati mmoja ndani ya mishipa, hata himoglobini hufurika katika maji ya damu, hupita katika figo, na kutoka katika mkojo. Mkojo huwa mwekundu sana, kisha wa rangi ya kahawa, hata mweusi. Macho huwa ya manjano. Mtoto hulegea, hupumua upesi upesi, moyo humwenda mbio. Figo zaweza kuziba, mkojo ukapungua au ukakoma kabisa.

Ugonjwa huu si mgeni. Zamani za Wadachi katika nchi hii uliitwa homa ya mkojo mweusi, nao uliwaua Wazungu wengi: maofisa, wafanya biashara na wamisionari. Daktari Robert Koch, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1897, alifundisha mwaka 1898 kwamba ulikuwa sumu ya kwinini, maana wengi walipatwa nao baada ya kumeza dawa hiyo ovyo ovyo. Wengine walimpinga, wakasema ni malaria yenyewe. Leo twajua kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli: malaria ndiyo mzizi, na kwinini iliyotumiwa nusu nusu na mara kwa mara iliweza kuuchochea. Klorokwini ilipochukua mahali pa kwinini katikati ya karne iliyopita, ugonjwa huu ukawa nadra, hata waganga wengi wakadhani umekwisha.

Lakini haukuisha. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto wagonjwa mahututi katika Kenya, Tanzania na Uganda. Waganga walipoyachungua majina ya wagonjwa hao baadaye, waliona kwamba watoto wenye mkojo mweusi walikuwa wengi kuliko ilivyotazamiwa upande wa mashariki mwa Uganda, katika hospitali za Mbale na Soroti. Huko Kinshasa pia, katika Kongo, watoto wa namna hiyo wameandikwa, na wengine wao figo zao zilishindwa kazi.

Kwa nini mtoto huyu na si ndugu yake waliolala katika kitanda kimoja? Sehemu ya jibu iko katika urithi wa damu. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kitu kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu. Watu hao huishi wazima, hawajijui, mpaka siku ugonjwa fulani au dawa fulani, kama primakwini, inapozipasua chembe zao. Kwa upande mwingine uko urithi unaokinga. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa kazi aliyoifanya katika Afrika Mashariki, kwamba mtoto aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa sehemu kubwa na malaria kali. Lakini aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu yenyewe, na kwake malaria ni hatari kubwa mno. Basi mzazi asijilaumu wala asimtafute mchawi. Sababu imo katika damu, wala haikuletwa na jirani.

Mtoto mnene naye si salama

Wazazi wengi husema, “Mtoto wangu hula vizuri, malaria haiwezi kumwangusha.” Maneno haya twaomba yaachwe. Ni kweli kwamba mtoto aliyekondeana, au mwenye safura, huanza vita akiwa na damu kidogo. Lakini kinga ya malaria haitokani na chakula peke yake. Hutokana pia na mwili kukutana na vimelea mara nyingi kwa miaka mingi. Mahali penye malaria mwaka mzima, watoto wadogo wa mwaka mmoja, miwili au mitatu ndio wapungukiwao damu zaidi, na wakubwa hujengeka kinga. Mahali pa milima, ambako malaria huja kwa majira na kuondoka, hata mtoto wa shule aweza kuangushwa, maana mwili wake haukuzoea.

Mkoa wa Kagera una mahali pa namna zote mbili. Mabonde ya mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Uganda, yana maji na mafunjo. Juu yake iko milima yenye baridi. Mvua zikizidi, mbu hupanda. Huko Muleba, mkoani humo humo, malaria ilipanda kwa ghafula zaidi ya mara moja, hata tangu mwaka 2007 nyumba zikapulizwa dawa ukutani.

Jambo jipya katika Karagwe na Kyerwa

Sasa twawaomba msome kwa makini, maana jambo hili lahusu wilaya hizi mbili kwa jina. Tangu mwaka 2006 dawa ya kwanza ya malaria katika Tanzania bara ni ile ya mseto. Yaitwa mseto kwa sababu ni dawa mbili katika kidonge kimoja: moja ya jamii ya artemisinini, ambayo huua vimelea upesi, na nyingine ikaayo mwilini siku nyingi ikimaliza vilivyosalia. Katika Rwanda, damu iliyokusanywa mwaka 2014 na 2015 ilionekana baadaye kuwa na vimelea vilivyobadilika, vyenye alama ambayo wataalamu huiita R561H. Vimelea hivi havifi upesi kwa artemisinini kama ilivyokuwa. Mwaka 2021 wataalamu wa Tanzania walipopima damu katika mikoa mingi, waliikuta alama hiyo Kagera, na hasa Karagwe, ambako ilikuwamo katika yapata 1 kati ya kila vimelea 5 vilivyopimwa. Kyerwa pia ilikuwamo. Mwaka 2022 watoto walifuatiliwa huko Karagwe siku baada ya siku, ikathibitika kwamba vimelea hivyo hukawia kuondoka katika damu.

Twafanya haraka kusema jambo la pili, msije mkakata tamaa: katika utafiti ule ule dawa za mseto bado ziliwaponya karibu watoto wote. Ile dawa ya pili katika kidonge ndiyo iliyomaliza kazi. Lakini mwaona basi ni hatari gani kumpa mtoto vidonge viwili vilivyosalia, kama alivyofanya mama wa mfano wetu kwa upendo wake. Ile dawa ya upesi hupunguza homa, mama hutulia, na vimelea vilivyokawia hubaki ndani vikiendelea kupasua chembe. Homa imeshuka, na damu yashuka pia, naye hajui. Kwa hiyo dozi ya mseto ni mara 6 katika siku 3, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, na yamalizwe yote hata kama mtoto ameanza kucheza. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, apewe tena. Na kabla ya dawa, damu ipimwe katika zahanati, maana si kila homa ni malaria.

Yanayofanyika hospitali

Turudi kwa wale tuliowaacha njiani. Katika zahanati mwuguzi alimtazama mtoto, akampima kwa kipimo cha upesi, akamtia dawa ya kwanza, akaandika barua, akawatuma hospitali bila kuchelewa. Mtoto wa chini ya miaka sita asiyeweza kumeza aweza kupewa artesunati kwa njia ya haja kubwa kabla ya safari. Dawa hiyo humpa muda, wala haimponyi yenyewe, na safari haina budi kuendelea.

Hospitali huchoma sindano za artesunati. Zamani ilikuwa kwinini. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo: kati ya waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100, na kati ya waliopewa artesunati 8 na nusu. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika karatasi, lakini katika wodi ni watoto wanaokwenda nyumbani.

Kisha kuna damu. Hapo baba wa mtoto aliitwa kando. Himoglobini ilikuwa chini ya 4, nayo friji ya damu ilikuwa na chupa chache. Daktari akasema, “Bwana, mtoto ataongezewa damu iliyopo sasa. Twakuomba wewe na ndugu zako mtoe damu ili aje kupata mwingine atakayefuata.” Baba akatazama chini. Alikuwa amesikia kwamba mtu akitoa damu nguvu za kulima humwisha.

Twataka tumjibu baba huyu, maana wengi wana hofu kama yake. Mtu mzima hutoa mililita 450 hivi, na mwili wake hurudisha maji ya damu kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupokea watu wenye miaka 18 hata 65, wenye uzito wa kilo 50 au zaidi, walio wazima. Mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa, na kundi lake hulinganishwa. Chupa moja ya mtu mzima yaweza kuwatosha watoto wawili wadogo.

Wako pia wazazi wanaoogopa upande wa pili, wakimwomba daktari amwongezee damu mtoto ye yote aliyepauka. Huko nako kuna elimu mpya. Utafiti uliofanyika Uganda na Malawi, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mtoto mwenye himoglobini kati ya 4 na 6, asiye na dalili kali, aweza kungojewa akiangaliwa sana. Na katika watoto 3,196 walioongezewa damu, kiasi kikubwa zaidi kiliwafaa wale wasio na homa, bali wenye homa walifaidika zaidi kwa kiasi kidogo. Basi daktari akisema, “Tungoje kwanza,” au, “Kiasi hiki chatosha,” msidhani amewanyima. Lakini mtoto anayepumua kwa shida, au mwenye mkojo mweusi, au aliye chini ya 4, hapo hapana kungoja.

Siku zinazosahauliwa

Mtoto wa mfano wetu aliongezewa damu usiku ule. Siku ya tatu mkojo ukawa wa rangi ya chai hafifu, siku ya tano ukawa safi. Akaomba ndizi. Wakarudi nyumbani wakifurahi, na majirani wakaja kuwapongeza.

Hapa ndipo wengi hukosea. Karatasi ya hospitali ilisema mtoto arudishwe baada ya siku 14 kupimwa damu. Shamba la maharage lilikuwa likingoja, nauli ilikuwa imekwisha, na mtoto alikuwa akikimbia uani. Nani angefunga safari kwa mtoto mzima?

Lakini yafaa mjue mambo mawili. Kwanza, baada ya sindano za artesunati, wagonjwa wachache hupatwa na kupasuka kwa chembe nyekundu kwa mara ya pili, baada ya siku 7 au zaidi, pengine wiki ya tatu, hali malaria yenyewe imekwisha kupona. Dawa si mbaya. Imeokoa wengi kuliko iliyotangulia. Lakini damu huweza kushuka tena kimya kimya, na ndiyo sababu ya kupima tena. Pili, mtoto aliyelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu huwa dhaifu kwa miezi kadhaa hata akionekana mzima, na watoto wengi hurudi hospitali au hufa nyumbani katika miezi 6 ya kwanza. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya watoto 1,049 katika Kenya na Uganda: wale waliopewa dawa ya kuzuia malaria mara tatu baada ya kutoka hospitali, katika wiki ya 2, ya 6 na ya 10, walipungukiwa sana na vifo na kulazwa tena katika miezi ile ya dawa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaishauri njia hiyo. Waulizeni waganga wenu juu yake kabla ya kuondoka wodini.

Bibi ndiye aliyeshika karatasi ile. Alimwambia mwanawe, “Baba, maharage yatangoja siku moja. Viganja hivi nilivitazama mara moja nikiwa nimechelewa, sitachelewa tena.” Wakaenda. Himoglobini ilikuwa 8 na nusu, ikipanda. Mwuguzi akawapa siku nyingine ya kurudi.

Mambo ya kushika nyumbani na shuleni

Tazameni viganja vya mtoto mwenye homa kila asubuhi, mkivilinganisha na viganja vya mtu mzima mzima. Funueni kope ya chini mtazame utando wa ndani. Ukiwa mweupe, nendeni. Tazameni mkojo, mtoto mdogo akojoe katika chombo cheupe mara moja kwa siku akiwa na homa. Mkojo mwekundu sana au wa rangi ya kahawa si wa kungojwa mpaka kesho. Kadhalika macho ya manjano, kupumua upesi, kushindwa kunyonya au kukaa, kutapika kila kitu, na degedege. Degedege si ndege wala pepo. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali.

Msimpe majani ya kusafisha damu. Damu ya mtoto huyu haina uchafu wa kuondolewa. Imepungua, na figo zake haziwezi kuvumilia mzigo mwingine.

Walalishwe katika chandarua kila usiku, si wakati wa mvua tu. Utafiti uliofanyika Muleba, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa pia kitu cha kuvunja usugu wa mbu viliwakinga watoto kuliko vile vya namna ya zamani. Chandarua kipya kikigawiwa, basi, kisiwekwe kabatini kwa ajili ya wageni, wala kisifunike miche ya bustani.

Nanyi walimu, ninyi huwaona watoto wakiwa katika mstari kila asubuhi. Mtoto aliyekuwa wa kwanza mbioni, naye sasa hukaa chini ya mti wakati wa michezo, msimwite mvivu kabla ya kutazama viganja vyake. Huenda ni malaria, huenda ni safura, ambayo minyoo yake huingia kwa nyayo zisizo na viatu na kunyonya damu tumboni kidogo kidogo. Dawa za minyoo zitolewazo shuleni zimezwe, vyoo vitumike, na jina la mtoto huyo lipelekwe kwa mzazi siku ile ile.

Yule mtoto wa mfano, kama angalikuwa wa kweli, angalikuwa amerudi kucheza mpira wa majani ya mgomba. Hatukumwumba ili tuwaogofye. Wako watoto kama yeye katika kila kijiji, na walio wengi huokoka pale mtu mmoja nyumbani anapougeuza mkono wa mtoto na kuutazama kabla jua halijazama. Jioni ya leo, baada ya chakula, waiteni watoto wenu wakiwa wazima, mvitazame viganja vyao mjue rangi yake ya siku zote. Mkiijua hiyo, mtaitambua ile nyingine itakapokuja.